Maswali ya Wasomaji: Sheria za Hali ya Hatari na Wasikh wa Punjab

Katika toleo lililopita tulimtaja kwa aya moja Jaswant Singh Khalra, Msikh wa Amritsar katika jimbo la Punjab, India, aliyetekwa na polisi mwaka 1995 baada ya kufichua kwamba maiti za watu waliokuwa wakitafutwa na jamaa zao zilikuwa zikichomwa kimyakimya kama maiti zisizo na wenyewe. Aya hiyo imetuletea barua nyingi kuliko makala yenyewe. Tumechagua sita, na kwa kuwa zote zinaulizia jambo moja, safu nzima ya mwezi huu tumeliachia jambo hilo.

SWALI: Ndugu Mhariri, baba yangu alijifunza umakanika katika gereji ya Kalasinga mmoja hapa Kisumu, na mzee huyo alikuwa mzungumzaji wa kila kitu isipokuwa mwaka 1984. Ukiutaja tu, alinyamaza na kurudi kwenye kazi yake. Naomba unieleze ni sheria gani zilizotumika dhidi ya watu wake huko India, na iliwezekanaje katika nchi yenye katiba, bunge na uchaguzi. (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Hapakuwa na sheria moja, ndugu yangu. Lilikuwa rundo la sheria zilizotungwa kati ya mwaka 1980 na 1988, kila mpya ikiondoa kinga ambayo iliyotangulia ilikuwa bado imeiacha mikononi mwa raia. Chimbuko lake, hata hivyo, ni la zamani zaidi, tena ni la kikoloni. Mwaka 1919 Waingereza walipitisha Sheria ya Rowlatt, iliyoendeleza katika wakati wa amani mamlaka waliyojipa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya kumfunga mtu bila kumshtaki. Punjab ilipoipinga, Brigedia Jenerali Dyer aliamuru askari wafyatulie risasi umati uliokusanyika katika uwanja wa Jallianwala Bagh mjini Amritsar tarehe 13 Aprili 1919, siku ya sikukuu ya Baisakhi, na serikali ya kikoloni yenyewe ilikiri vifo 379. Mwaka 1942, Gandhi na wenzake walipowataka Waingereza waondoke, ilitolewa amri iliyowapa maofisa wa jeshi ruhusa ya kuua na kinga ya kutoshtakiwa. India huru iliichukua amri hiyo, ikaifanya sheria ya Bunge mwaka 1958 kwa ajili ya maeneo ya kaskazini mashariki, na mwaka 1983 ikatunga nyingine ya mfano huo kwa ajili ya Punjab na Chandigarh.

Inafaa pia ukumbuke kwamba Wasikh walikuwa mstari wa mbele kupinga utawala wa dharura kabla haujawageukia wao wenyewe. Waziri Mkuu Indira Gandhi alipotangaza hali ya hatari nchi nzima mwezi Juni 1975, chama cha Akali Dal kilianzisha kutoka Amritsar maandamano ya watu waliojitoa wakamatwe, kundi baada ya kundi, na makumi ya maelfu wakaingia jela kabla ya hali hiyo kuondolewa Machi 1977. Katikati ya kipindi hicho, mwaka 1976, Mahakama ya Juu ya India iliamua kwamba wakati wa hali ya hatari mtu aliyewekwa kizuizini hana mlango wowote wa mahakama wa kubisha, hata kama amefungwa kinyume cha sheria. Kati ya majaji watano, ni Jaji H. R. Khanna peke yake aliyekataa. Uamuzi huo uliwatia watu hofu kubwa kiasi kwamba mwaka 1978 Bunge lilibadilisha Katiba na kuandika kwamba haki ya uhai, iliyo katika Ibara ya 21, haiwezi kusimamishwa kwa hali yoyote ya hatari. Naomba uikumbuke ibara hiyo, maana nitairudia.

Tuje sasa kwenye miaka aliyoinyamazia mzee wenu. Akali Dal walikuwa wakidai mamlaka zaidi kwa majimbo, mgawo wa haki wa maji ya mito, na mji wa Chandigarh uwe wa Punjab peke yake. Kando ya siasa hizo likakua kundi la vijana wenye silaha lililomzunguka mhubiri Jarnail Singh Bhindranwale, na mauaji yakaanza. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1980 ilikuwa tayari inaruhusu mtu kuwekwa kizuizini hadi miezi 12 bila kushtakiwa. Mwaka 1984 muda huo uliongezwa hadi miaka 2 kwa Punjab. Oktoba 1983 serikali ya jimbo iliondolewa na Punjab ikatawaliwa moja kwa moja kutoka Delhi. Mwaka huohuo zilitungwa sheria mbili, moja ya maeneo yaliyotangazwa kuwa na machafuko na nyingine ya majeshi, zilizoruhusu kupiga risasi za kuua baada ya kutoa onyo, hata dhidi ya mkusanyiko wa watu 5 au zaidi uliopigwa marufuku, pamoja na kuvunja milango na kukamata bila hati. Kisha kikafuata kifungu ambacho ningependa kila msomaji akikazie macho: hakuna mtu atakayefikishwa mahakamani kwa jambo alilolifanya chini ya sheria ile ya majeshi pasipo kibali cha Serikali Kuu. Vifungu vya risasi vinatisha zaidi masikioni, lakini mimi naona hiki cha kibali ndicho kilicholeta madhara ya kudumu, kwa sababu askari aliyejua kwamba kibali hakitatolewa hakuwa na mtu wa kumhofia.

Mwanzoni mwa Juni 1984 jeshi liliingia katika Harmandir Sahib, hekalu kuu la Wasikh mjini Amritsar, ambalo Bhindranwale na watu wake walikuwa wameligeuza ngome. Zilikuwa siku za kumkumbuka Guru Arjan aliyekufa shahidi, na mahujaji walikuwa wamejaa. Waandishi wa habari waliondolewa Punjab, simu zikakatwa, watu wakakatazwa kutoka majumbani. Hesabu ya serikali ilikuwa wanajeshi 83 na watu wengine 493 waliokufa. Mashahidi na mashirika ya haki za raia wamesisitiza tangu siku hizo kwamba waliokufa ni wengi zaidi. Akal Takht, kiti cha mamlaka ya kidini cha Wasikh, ilibomolewa kwa mizinga, na maktaba iliyohifadhi miswada ya kale ikateketea. Watu zaidi ya 350 waliokamatwa humo walipelekwa jela ya Jodhpur, mbali na kwao, na baadhi yao wakakaa huko kwa miaka.

Mwaka 1985 ikaja Sheria ya Kuzuia Ugaidi na Vitendo vya Uvurugaji, inayojulikana kwa kifupi chake TADA, ikakazwa zaidi mwaka 1987. Mtu aliweza kushikiliwa hadi mwaka mzima kabla ya mashtaka, kesi ikasikilizwa faraghani, mashahidi wakafichwa majina, na dhamana ikawa karibu haipatikani. Hata maneno ya mdomo ya kuunga mkono kujitenga yalikuwa kosa la uvurugaji. Hatimaye, mwaka 1988, yalipitishwa Mabadiliko ya 59 ya Katiba: ile Ibara ya 21 iliyowekewa uzio mwaka 1978 ikafunguliwa tena, ili hali ya hatari ikitangazwa Punjab, haki ya uhai iweze kusimamishwa huko. Mamlaka hayo hayakuwahi kutumika na yalifutwa muda mfupi baadaye, lakini yalikuwa yameandikwa katika Katiba ya nchi, kwa ajili ya jimbo moja, lile ambalo Wasikh ndio wengi. Hapo ndipo ninapopata jibu la swali lako la pili. Bunge lilikuwepo, nalo ndilo lililopiga kura. Mahakama zilikuwepo, na mwaka 1994 Mahakama ya Juu ilipitia TADA na kuiona halali kwa sehemu kubwa.

SWALI: Mauaji ya Wasikh mjini Delhi yaliyotokea baada ya kuuawa kwa Indira Gandhi, je, nayo yalifanywa chini ya sheria za dharura? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Hapana, na tofauti hiyo ni muhimu. Waziri Mkuu aliuawa na walinzi wake wawili Wasikh tarehe 31 Oktoba 1984, na kwa siku tatu za mwanzo wa Novemba magenge yalizunguka mitaa kama Trilokpuri, Mangolpuri na Sultanpuri yakiwatoa wanaume wa Kisikh majumbani na kuwachoma moto. Hesabu rasmi ya waliokufa Delhi pekee ni 2,733. Hakuna sheria mpya iliyohitajika kuyazuia mauaji hayo. Sheria za kawaida za jinai zilitosha kabisa, lakini polisi walisimama pembeni, mahali pengine wakawanyang'anya silaha Wasikh waliokuwa wakijilinda, na jeshi lilichelewa kutumwa. Kwa hiyo ndani ya mwaka mmoja Wasikh walionja pande zote mbili: Punjab walibanwa na sheria kali kupita kiasi, na Delhi waliachwa bila sheria yoyote ya kuwakinga. Ilipofika mwaka 2005 Waziri Mkuu Manmohan Singh, naye Msikh, aliliomba radhi taifa na jamii yake bungeni. Mwanasiasa Sajjan Kumar wa chama cha Congress alihukumiwa kifungo cha maisha Desemba 2018, miaka 34 baada ya mauaji.

SWALI: Mimi ni askari polisi mstaafu. Kila nikisoma makala za haki za binadamu naona waliouawa na magaidi hawana nafasi. Punjab palikuwa na watu waliolipua ndege na kuwapiga risasi abiria wa mabasi. Serikali ilitakiwa ifanye nini, iwatumie barua? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Unayoyasema ni ya kweli na sitayapunguza hata kidogo. Abiria wa Kihindu walishushwa kwenye mabasi wakapigwa risasi barabarani. Ndege ya Air India namba 182 ililipuliwa angani tarehe 23 Juni 1985, wakafa watu 329. Harchand Singh Longowal, kiongozi wa Akali aliyetia saini mkataba wa amani na Waziri Mkuu Rajiv Gandhi Julai 1985, aliuawa mwezi uliofuata na wanamgambo wa jamii yake mwenyewe. Polisi wa Punjab, ambao wengi walikuwa Wasikh, waliuawa pamoja na wake na watoto wao. Waliouliwa na wanamgambo ni maelfu, na wengi wao walikuwa Wasikh. Serikali ilikuwa na wajibu wa kuwakamata wauaji hao, na ingelaumiwa vikali kama ingekaa kimya.

Swali langu kwako, kama mtu uliyeifanya kazi hiyo, ni kama sheria zile ziliwakamata wauaji. Hadi TADA ilipoachwa kufa mwaka 1995, watu zaidi ya 70,000 walikuwa wamekamatwa chini yake kote India, na waliotiwa hatiani hawakufika asilimia 2. Gujarat, jimbo lisilokuwa na uasi wa namna ya Punjab, lilikuwa miongoni mwa yaliyoongoza kwa idadi ya waliokamatwa. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya magaidi ilikuwa imegeuka kuwa njia rahisi ya kumweka ndani mtu yeyote aliyekuwa kero, wakiwemo wakulima na viongozi wa vyama vya wafanyakazi.

Chukua suala la mtuhumiwa kukiri kosa, ambalo unalijua kuliko mimi. Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, ambayo Waingereza waliitumia pia Kenya na Tanganyika, iliweka kanuni kwamba kukiri mbele ya polisi si ushahidi mahakamani. Waliotunga kanuni hiyo hawakuwa wapole. Walijua tu kinachotokea usiku katika vyumba vya mahabusu. TADA iliiondoa: maelezo ya kukiri yaliyochukuliwa na ofisa wa polisi wa cheo cha Superintendenti au zaidi yakawa ushahidi kamili. Matokeo yake yanaonekana katika kesi ya Devinder Pal Singh Bhullar, mhadhiri wa uhandisi kutoka Ludhiana. Alikimbilia Ujerumani, akarudishwa India Januari 1995, akashtakiwa kwa bomu la mwaka 1993 mjini Delhi lililoua watu 9. Upande wa mashtaka ulileta mashahidi zaidi ya 100 na hakuna aliyemtambua kuwa ndiye mhusika. Kilichobaki ni maelezo ya kukiri aliyoyachukua polisi, ambayo mshtakiwa aliyakana akisema yalipatikana kwa shuruti. Kwa maelezo hayo alihukumiwa kunyongwa mwaka 2001. Mwaka uliofuata majaji wawili wa Mahakama ya Juu waliithibitisha adhabu hiyo, na wa tatu, Jaji M. B. Shah, aliyekuwa kiongozi wa jopo, alisema mtu huyo hana hatia inayothibitika na aachiwe. Mtu akabaki akisubiri kitanzi kwa kura mbili dhidi ya moja, hadi akili yake ikavurugika gerezani. Adhabu ilibadilishwa kuwa kifungo cha maisha mwaka 2014. Kama si yeye aliyelipua, basi aliyelipua hakutafutwa tena. Hilo ndilo ningependa ulipime wewe mwenyewe kwa uzoefu wako: mpelelezi anayejua kwamba maelezo ya kukiri yatatosha, atahangaika kutafuta nini kingine?

Na lipo baya zaidi. Kadiri miaka ilivyosogea, hasa kipindi ambacho K. P. S. Gill aliongoza polisi wa Punjab, watuhumiwa wengi hawakufika hata kwenye mahakama maalumu za TADA. Taarifa ya polisi ilikuwa na umbo lilelile, wilaya kwa wilaya: mtuhumiwa alikuwa akipelekwa usiku kuonyesha silaha alipozificha, wenzake wakaushambulia msafara, mtuhumiwa akafa katikati ya risasi, washambuliaji wakatokomea gizani, na hakuna polisi aliyejeruhiwa. Kulikuwa na zawadi za fedha na vyeo kwa kuua waliotajwa kuwa wanamgambo. Wewe umewahi kuandika taarifa za matukio, mzee wangu, na naamini ungeshtuka kuona tukio moja likijirudia neno kwa neno kwa miaka.

SWALI: Huyo Khalra alikuwa wakili au mwandishi wa habari? Na aliwezaje kupata siri ambayo familia zenyewe zilishindwa kuipata? (Msomaji, Zanzibar)

JIBU: Hakuwa wakili wala mwandishi. Alikuwa mfanyakazi wa benki mjini Amritsar, aliyejitolea pia katika kitengo cha haki za binadamu cha Akali Dal. Alikuwa akiwatafuta watu aliowafahamu waliochukuliwa na polisi wasirudi, na utafutaji huo ukamfikisha kwenye viwanja vya kuchomea maiti.

Naomba nieleze kwa utaratibu jinsi kazi hiyo ilivyofanyika, kwa sababu ndani yake mna somo kubwa juu ya namna dola inavyoficha mambo na namna inavyojisahau. Wasikh, kama Wahindu, huchoma maiti zao kwa kuni. Kuni zinanunuliwa. Polisi walipoleta maiti isiyo na mwenyewe, manispaa ndiyo iliyobeba gharama, na kila shilingi ya umma, au tuseme kila rupia, ina karatasi yake. Kwa hiyo palikuwa na daftari la uwanja lenye tarehe, kituo cha polisi na jina la ofisa aliyeleta maiti, na palikuwa na hati za kuni zilizotolewa na sanda zilizonunuliwa. Khalra na wenzake walikaa na madaftari hayo na kuyanakili. Katika kurasa hizo walikuta maiti nyingi zimeandikwa kuwa hazina wenyewe, ilhali pembeni pake limeandikwa jina la marehemu, pengine na la baba yake na kijiji chake, mwendo mfupi kutoka hapo. Wazazi walikuwa wakiambiwa kituoni kwamba kijana wao hajulikani alipo, au ametorokea Pakistan, na wakati huohuo karani wa manispaa alikuwa ameshalipia kuni zake.

Januari 1995 aliyatangaza hayo kwa vyombo vya habari. Ombi lililopelekwa Mahakama Kuu ya Punjab na Haryana lilitupwa, kwa maelezo kwamba waliolileta si wahusika. Aliendelea, akaenda Canada kuwaeleza wabunge na Wasikh waishio huko, akashauriwa asirudi, akarudi. Asubuhi ya tarehe 6 Septemba 1995 alichukuliwa nje ya nyumba yake akiwa anaosha gari. Polisi walikana kuwa naye. Mkewe, Paramjit Kaur Khalra, alikwenda Mahakama ya Juu, na Novemba mahakama hiyo iliiamuru idara ya upelelezi ya serikali kuu, CBI, ichunguze mambo mawili: kutoweka kwake, na yale madaftari. Baadaye polisi mmoja alitoa ushahidi kwamba Khalra alishikiliwa kwa siri kwa wiki kadhaa, akateswa, akauawa, na mwili wake ukatupwa mtoni.

Kuhusu madaftari, CBI ilimaliza kazi Desemba 1996. Katika viwanja vitatu tu vya wilaya moja, yaani Durgiana Mandir mjini Amritsar, Tarn Taran na Patti, ilihesabu maiti 2,097 zilizochomwa na polisi kinyume cha sheria. Waliotambuliwa kikamilifu walikuwa 585, waliotambuliwa nusunusu 274, na 1,238 hawakutambuliwa. Mahakama ya Juu ilisema huo ni ukiukaji wa wazi wa haki za binadamu kwa kiwango kikubwa, ikalikabidhi suala hilo kwa Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu. Punjab ilikuwa na wilaya nyingine zaidi ya kumi.

Hapa ndipo ninapoona uchungu zaidi kuliko popote. Tume ilikaa na suala hilo kwa miaka mingi na kujifungia ndani ya vile viwanja vitatu. Haikuwaita wazazi waeleze jinsi watoto wao walivyochukuliwa, wala haikumtaja ofisa yeyote kuwa na hatia. Mwaka 2004 ilitoa fidia ya rupia 250,000 kwa kila familia kati ya 109 ambazo jamaa zao walithibitika kuwa mikononi mwa polisi kabla ya kufa, na baadaye rupia 175,000 kwa familia nyingine, kwa hoja kwamba polisi hawakufuata kanuni za kuchoma maiti. Mzazi aliyekuja kuuliza nani amemuua mwanawe alijibiwa kwa kanuni za mazishi. Familia nyingi zilihitaji fedha hizo, kwa kuwa wengi wa waliopotea walikuwa wakulima na vibarua vijijini, na sitamlaumu hata mmoja aliyezipokea. Ninayemlaumu ni aliyekaa mezani akakata bei bila kusikiliza kisa.

SWALI: Mimi ni mwenyeji wa Garissa. Nimesoma habari za Punjab nikadhani mnatuandika sisi. Je, ni sadfa tu? (Msomaji, Garissa)

JIBU: Si sadfa, ndugu yangu. Sheria zako na zao zilitoka katika dola moja. Mkoa wa Kaskazini Mashariki uliwekwa chini ya hali ya hatari Desemba 1963, siku chache baada ya uhuru wa Kenya, kwa kanuni ambazo mkoloni alikuwa amezizoesha nchi miaka ya Mau Mau, na haikuondolewa hadi mwaka 1991. Mwaka 1970 Bunge la Kenya lilitunga sheria ya kuwakinga maofisa dhidi ya madai kwa yale waliyoyafanya mkoani humo wakati wa vita vya shifta, jambo ambalo ni ndugu wa kile kifungu cha kibali nilichomweleza msomaji wa Kisumu. Mauaji ya uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, yalitokea Februari 1984, miezi minne kabla ya jeshi kuingia Harmandir Sahib, na serikali ilishikilia kwa muda mrefu kwamba waliokufa ni 57, wakati walionusurika wakizungumzia mamia na zaidi.

Yuko pia mtu mmoja anayeunganisha nchi hizi mbili kwa mwili wake. Makhan Singh, mwasisi wa vyama vya wafanyakazi nchini Kenya, alizaliwa Punjab mwaka 1913 katika familia ya Kisikh. Waingereza walimfunga India bila kumshtaki mwanzoni mwa miaka ya 1940. Mwaka 1950, baada ya kudai hadharani mjini Nairobi kwamba Afrika Mashariki ipewe uhuru wake mara moja, walimkamata tena na kumweka kizuizini Lokitaung, Maralal na Dol Dol hadi Oktoba 1961, zaidi ya miaka 11, muda mrefu kuliko aliokaa Jomo Kenyatta. Ninaposikia watu wakisema mambo ya Wasikh ni ya mbali, huwa namtaja yeye.

SWALI: Je, yupo aliyeadhibiwa? Na sheria hizo bado zipo? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Kwa mauaji ya Khalra, polisi 6 walitiwa hatiani mwaka 2005. Mwaka 2007 Mahakama Kuu ilimwachia mmoja na kuongeza vifungo vya wanne hadi kifungo cha maisha, na Mahakama ya Juu ikathibitisha mwaka 2011. Mkuu wa polisi wa Tarn Taran wa wakati ule, aliyetajwa na mashahidi, alikufa mwaka 1997 kabla ya kuhukumiwa. Kesi nyingine chache za miaka ya mwanzo ya 1990 zimeendelea kusikilizwa na mahakama maalumu ya CBI mjini Mohali, na katika miaka ya karibuni maofisa wastaafu kadhaa wamehukumiwa vifungo vya maisha kwa makabiliano ya kubuni, yaani yale mauaji ya watuhumiwa yaliyoandikwa kuwa mapigano. Wanaosimama kizimbani ni wazee, na katika faili zao wapo mashahidi waliokufa kabla ya kuitwa. Miaka mingi ya ucheleweshaji huo ilitokana na mabishano juu ya kibali cha kushtaki.

Kuhusu sheria zenyewe, TADA ilikwisha muda wake Mei 1995, ingawa kesi zilizofunguliwa chini yake ziliendelea. Mwaka 2002 ilitungwa nyingine, POTA, iliyorudisha kukiri mbele ya polisi. Ikafutwa mwaka 2004, na sehemu kubwa ya vifungu vyake ikahamishiwa katika sheria ya zamani ya mwaka 1967, UAPA, ambayo leo inaruhusu siku 180 kabla ya mashtaka na, tangu mwaka 2019, inaruhusu serikali kumtangaza mtu mmoja mmoja kuwa gaidi bila hukumu ya mahakama. Kukiri mbele ya polisi hakukurudishwa humo, na hilo ni jema. Mfano wa walioshtakiwa chini ya UAPA ni Jagtar Singh Johal, Msikh raia wa Uingereza kutoka Dumbarton, aliyekamatwa Punjab Novemba 2017 siku chache baada ya harusi yake. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamekuita kufungwa kwake kuwa ni kwa kiholela, na mwaka 2025 mahakama ya mji wa Moga, Punjab, ilimwachia huru katika kesi moja huku nyingine zikiendelea kumshikilia gerezani. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1980 nayo ingalipo. Mwaka 2023 ilitumika kumpeleka mhubiri Amritpal Singh na wenzake katika jela ya Dibrugarh, Assam, upande wa pili wa nchi, baada ya intaneti ya simu kuzimwa Punjab nzima kwa siku kadhaa. Mwaka uliofuata wapiga kura wa Khadoor Sahib walimchagua kuwa mbunge akiwa bado kizuizini. Jimbo hilo la uchaguzi ndilo lenye miji ya Tarn Taran na Patti, ambako viwanja viwili kati ya vile vitatu vipo.